Alama Nyeupe Juu ya Meza

Katika nyumba nyingi, za mashambani na za mjini, iko meza moja ambayo huheshimiwa kupita vyombo vingine vyote. Juu yake huwekwa kitabu cha dini, picha ya arusi na chai ya wageni, na watoto hukatazwa kuandikia hapo kabla ya kutandika gazeti. Walakini mgeni akithubutu kuinua pembe ya kitambaa kilichoifunika meza hiyo, mara nyingi ataona duara jeupe, la ukubwa wa kitako cha birika, ambalo wenye nyumba wamelificha kwa muda mrefu.

Jambo hilo si dogo kama lionekanavyo. Meza ya mbao ngumu ni mali. Mti wa mvule huchukua makumi ya miaka kabla haujafaa kupasuliwa mbao, na miti mikubwa ya namna hiyo imekwisha kuwa adimu. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya mbao ikapanda, na hata baada ya kutangazwa mwaka 2023 kwamba katazo hilo limeondolewa, mnunuzi wa samani hajasahau kiasi alicholipa. Basi mtu aiharibuye meza yake kwa nia ya kuitengeneza amejitia hasara ambayo haitalipika kwa mshahara wa mwezi mmoja.

Chukua mfano wa karani mmoja aliyejinyima mwaka mzima mpaka akapata meza ya mvule, iliyopakwa polishi hata mtu aliweza kuuona uso wake ndani yake. Jioni ile wazee walipokuja kuzungumza habari za mahari ya binti yake, birika lililotoka motoni lililetwa kwa haraka likawekwa juu ya meza tupu. Hakuna aliyetambua kosa hilo wakati mazungumzo yakiendelea. Wazee walipokwisha kwenda zao na birika likainuliwa, palikuwa na duara jeupe kama mwezi mpevu. Maneno makali yalisemwa nyumbani usiku huo, na binti, ambaye ndiye aliyelileta birika, alilia. Asubuhi bwana wa nyumba akaenda dukani, akanunua msasa, akasugua kwa nguvu zake zote. Alama ikatoka upesi. Lakini pamoja nayo ikatoka polishi, tena ikatoka na rangi ya mti, na kufikia adhuhuri palikuwa na kidonda kipana kama sinia, ambacho kila aingiaye angekiona toka mlangoni.

Akamwendea seremala.

“Hodi, fundi.”

“Karibu, mzee. Habari za nyumbani?”

“Njema, ila meza yangu imeharibika. Nataka uje uniwekee kiraka cha polishi.”

Fundi akaja, akapitisha kiganja chake juu ya mbao, akatikisa kichwa. “Mzee,” akasema, “alama ile ilikuwa katika nguo tu. Wewe umechuna ngozi.”

Ikabidi uso mzima wa meza ukwanguliwe na kupakwa upya, maana kiraka cha polishi hakifanani kamwe na kile kilicho kando yake.

Maneno ya fundi huyo ndiyo ufunguo wa jambo lote. Alama nyeupe ya joto, karibu sikuzote, haiko katika mti. Iko katika ule utando mwembamba wa polishi au vanishi uliopakwa juu ya mti, nao si mnene kupita karatasi chache zilizopangwa pamoja. Chombo cha moto kinapowekwa juu yake, utando hulainika. Wakati huo mvuke uliokwama chini ya chombo, au unyevu uliokuwa ndani ya mti wenyewe, hupata nafasi ya kupenya. Chombo kikiondolewa, utando hupoa na kuufungia unyevu huo ndani, ukiwa matone na vishimo vidogo visivyoonekana kwa jicho.

Mtu aweza kuuliza, ikiwa kilichoingia ni maji, na maji hayana rangi, weupe umetoka wapi? Jibu lake laweza kuonekana katika maporomoko ya Nyahururu. Maji ya mto kabla hayajaanguka huonyesha mawe yaliyo chini. Yakianguka hugeuka povu jeupe kama maziwa, nayo ni maji yale yale. Mwanga upitao katika maji yaliyotulia hunyoka, lakini ukikutana na mapovu mengi hutawanyika kila upande, na jicho huona weupe. Ndivyo ilivyo katika polishi. Na kwa kuwa ndivyo, kazi ya dawa yoyote ya nyumbani ni moja katika hizi tatu: kuutoa unyevu, au kuvijaza vile vishimo kwa kitu kinachopitisha mwanga kama polishi yenyewe, au kuipunguza kidogo sehemu ya juu ya utando ambamo ukungu umekaa. Dawa isiyofanya moja la hayo ni uvumi tu.

Polishi ya kale, ile iliyoletwa nchini na mafundi wa Kihindi na wa Kizungu, hutokana na mdudu. Katika Uhindi na Thailand kuna wadudu wadogo wakaao juu ya matawi ya miti, wakinyonya utomvu na kujifunika kwa ganda la namna ya gundi. Ganda hilo hukwanguliwa, huyeyushwa, hukunjuliwa kuwa vigae vyembamba vya rangi ya asali, na huitwa shelaki. Seremala huviyeyusha vigae hivyo katika spiriti, kisha huipaka kwa kitambaa, koti juu ya koti. Karani aliyepata kuzifunga bahasha za serikali kwa lakiri anakijua kitu hicho, hata kama hakujua jina lake, kwa maana lakiri nzuri ya zamani ilitengenezwa kwa shelaki. Aliona jinsi ilivyolainika kwa moto wa mshumaa mmoja tu. Shelaki huanza kulainika kabla joto halijafika digrii 80 za sentigredi. Maji ya Mombasa huchemka katika digrii 100, na ya Nairobi, kwa ajili ya mwinuko wa nchi, karibu na 95. Hivyo birika la mtu wa Nairobi lina huruma kidogo kuliko la mtu wa pwani, lakini huruma hiyo haitoshi kuiokoa meza.

Samani zitengenezwazo siku hizi mara nyingi hupakwa laka kwa bomba la kupulizia. Laka hiyo nayo hushika ukungu mweupe ikipata joto na unyevu. Ziko pia vanishi ngumu za kisasa ambazo huvumilia zaidi. Kuna njia rahisi ya kutambua. Chukua tone moja la spiriti, ulitie mahali pasipoonekana, kama vile upande wa ndani wa mguu wa meza. Pakinata baada ya muda mfupi, hiyo ni shelaki. Pakibaki pagumu, ni kitu kingine, na hapo dawa ya spiriti itakayotajwa chini haifai.

Kabla ya dawa yoyote, ni lazima kuitazama rangi ya alama. Alama nyeupe ni ya utando, nayo hutibika. Alama nyeusi au ya samawati iliyoiva ni habari nyingine kabisa. Hiyo maana yake maji yamekwisha kuupita utando na kuingia katika mti, yakakutana na chuma, labda cha msumari, labda cha sufuria iliyochubuka. Wakulima waliopanda miwati wanajua kwamba magome yake yana dawa ya kutengenezea ngozi. Dawa ya namna hiyo imo katika miti mingi, kwa kadiri mbalimbali, nayo ikikutana na chuma chenye maji hugeuka nyeusi. Wino wa kale uliotumiwa na makarani katika vitabu vya hesabu ulitengenezwa hivyo hivyo, kwa dawa hiyo ya miti pamoja na chumvi ya chuma. Kwa hiyo mwenye alama nyeusi amemwaga wino ndani ya meza yake. Hakuna mafuta wala majivu yatakayoutoa. Fundi huondoa kwanza polishi yote, kisha hutumia asidi ya okzaliki, ambayo ni sumu, na haifai kukaa katika nyumba yenye watoto. Alama ya kahawia yenye harufu ya moshi, nayo, ni mti uliokwisha kuungua. Hiyo hukwanguliwa tu, na mafundi wengi huikwangua kwa ukingo wa kigae cha kioo.

Turudi kwa alama nyeupe. Dawa yake ya kwanza haigharimu hata senti moja, na kwa sababu hiyo watu huidharau. Ni kungoja. Alama mpya, iliyopatikana leo au jana, ina unyevu ambao bado unatafuta njia ya kutoka. Ondoa kitambaa cha meza, fungua dirisha, acha hewa ipite, na usiweke kitu chochote hapo kwa siku mbili au tatu. Alama nyingi hufifia zenyewe kwa njia hiyo, na nyingine hutoweka kabisa. Lakini meza isitolewe juani. Jua kali hukausha mbao kwa ghafula, zikapinda, na alama ikawa jambo dogo kuliko lililofuata.

Ikiwa baada ya siku hizo bado ipo, ndipo yatumike mafuta. Mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini, ndiyo bora, kwa kuwa hayaozi. Yapakwe kwa unene juu ya alama wakati wa jioni, yaachwe mpaka asubuhi, kisha yafutwe kwa kitambaa laini. Mafuta ya nazi pia hufaa. Samli na siagi hufanya kazi, lakini huvunda na kuwaita sisimizi. Watu wa ng'ambo husifu sana mayonezi, yaani ule mchuzi mzito wa mayai, mafuta na siki. Ukweli ni kwamba mafuta yaliyomo ndiyo yafanyayo kazi, na hayo mengine yangalibaki katika chakula yangaliwanufaisha zaidi. Mafuta huingia taratibu katika vile vishimo vidogo, yakavijaza, na kwa kuwa mwanga hupita katika mafuta karibu sawasawa na katika polishi, weupe hupungua. Kama umepungua nusu, rudia usiku wa pili na wa tatu. Haraka haina faida hapa.

Wazee wa zamani walichanganya mafuta na kafuri, ambayo watu wa pwani huiita karafuu maiti. Mchanganyiko huo una nguvu zaidi, kwa sababu kafuri huilainisha kidogo shelaki yenyewe ili ijifunge upya. Lakini kafuri ikimezwa na mtoto yaweza kumtia kifafa, hata kumwua, na chupa ya mafuta yenye harufu tamu huvutia mikono midogo. Nyumba yenye watoto ni afadhali ikae na mafuta ya mgando.

Dawa ya pasi husifiwa na wengi, na huharibu meza za wengi. Yawezekana kushangaa kwamba joto liondoe kilicholetwa na joto, lakini ndivyo ilivyo. Joto dogo hulainisha utando kidogo tu, na unyevu ukatoka. Kitambaa safi cha pamba, kikavu, kikunjwe mara mbili na kuwekwa juu ya alama. Pasi iwe ya uvuguvugu, bila mvuke, ipitishwe kwa nukta chache, iinuliwe, na alama itazamwe. Kisha tena, na tena. Pasi ya umeme ina kitasa cha kupunguza joto, na kitasa hicho kiwekwe mwisho kabisa. Pasi ya makaa ni ya hatari katika kazi hii, kwa sababu hakuna ajuaye joto lake hasa. Atakayeitumia hana budi kwanza kudondosha tone la maji chini ya pasi. Tone likilia na kurukaruka, pasi hiyo ni ya kaptura, si ya meza. Wenye mashine ya umeme ya kukaushia nywele wanayo njia salama zaidi, maana huweza kuipuliza hewa ya uvuguvugu kwa mbali huku wakiitazama alama.

Ikiwa yote hayo yameshindwa, ukungu uko juu ya utando na umeganda, ndipo kusugua kunapofaa, lakini si kwa msasa. Msasa kwa asili ni jina la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo mafundi wa pwani waliyatumia kusugulia mbao. Kazi yake ni kuukata mti, si kuing'arisha polishi. Kitakiwacho hapa ni unga laini sana. Majivu ya kuni, yaliyochekechwa katika kitambaa chepesi mpaka yawe kama poda, yachanganywe na mafuta ya nazi au mafuta ya kupikia hadi yawe kama uji mzito. Yasuguliwe kwa kidole kilichovikwa kitambaa, kwa kufuata mishipa ya mti, taratibu, na kila baada ya dakika moja yafutwe ili kuona hali. Dawa ya meno nyeupe ya kawaida hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa ina chaki laini ndani yake.

Hapa kuna kosa moja ambalo hutokea mara kwa mara. Watu huchanganya majivu na maji. Majivu yakikutana na maji hutoa magadi makali, yale yale ambayo bibi zetu waliyatumia katika kupika sabuni, na magadi hula shelaki na kuutia mti weusi. Kwa sababu hiyo hiyo magadi ya kupikia maharage, yatokayo katika ziwa Magadi na mahali pengine, yasitiwe juu ya meza hata kidogo. Majivu kwa mafuta, ndiyo. Majivu kwa maji, hasha.

Spiriti ndiyo dawa ya mwisho, na ni ya shelaki peke yake. Kitambaa cha pamba kikunjwe kama yai, kitiwe spiriti kidogo, kisha kikamuliwe mpaka kikiguswa shavuni kionekane baridi tu, wala si majimaji. Kipitishwe juu ya alama kwa wepesi mkono ukiwa tayari umo katika mwendo, kama mtu apangusaye vumbi, na kisisimame hata nukta moja. Kikisimama kitashika, na alama ya kitambaa itakuwa mbaya kuliko ya birika. Mara mbili au tatu zatosha, kisha kungoja robo saa. Yafaa kujaribu kwanza upande wa chini wa meza. Kazi hiyo ifanywe mchana, mbali na jiko, koroboi na sigara, kwa maana mvuke wa spiriti hushika moto kabla ya spiriti yenyewe kuguswa. Na chupa yake iandikwe jina, isichanganywe na chupa nyingine, kwa sababu spiriti ya kuwashia huweza kuwa na sumu inayopofusha macho ya anywaye.

Baada ya kusugua, mahali pale hupoteza mng'ao. Nta ya nyuki huurudisha. Nta ikatwe vipande vidogo, ilowekwe katika tapentaini ndani ya kopo lenye kifuniko, na kopo liachwe mahali penye joto la mchana mpaka nta ilainike kama siagi. Haina haja ya moto, na walioipika jikoni wakamwagika moto si wachache. Ipakwe kidogo sana, isuguliwe kwa kitambaa cha sufu mpaka mkono uchoke.

Wengine hupenda mafuta ya kitani, ambayo kwa kweli ni mazuri kwa mbao. Lakini vitambaa vilivyotumiwa kuyapaka visikunjwe na kutupwa pembeni. Mafuta hayo yanapokauka hujitengenezea joto, na joto likifungwa katika rundo la vitambaa huzidi mpaka moto ukawaka wenyewe, bila kiberiti, usiku watu wakiwa wamelala. Vitambaa hivyo vianikwe nje kimoja kimoja mpaka viwe vigumu, au vitiwe katika maji.

Yafaa pia kusema wazi kwamba ziko meza ambazo hazina dawa. Nyingi ziuzwazo sasa kwa bei nafuu zimetengenezwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa, na juu yake pamebandikwa ngozi ya mti mzuri, isiyofika unene wa milimita moja, au hata karatasi yenye picha ya mti. Ngozi ya mti huweza kutibiwa kwa mafuta na kwa kungoja, lakini mtu akiisugua sana atatokea upande wa pili. Karatasi ikivimba kwa joto imevimba, na kinachobaki ni kuifunika. Kabla ya kununua, mtazame ubavu wa meza. Mishipa ya mti ikiendelea kutoka juu mpaka ubavuni, hiyo ni mbao.

Kuhusu kufunika, neno moja kwa akina mama wafumao vitambaa. Vitambaa vya kufuma kwa uzi hupamba sebule, na hakuna anayebisha. Lakini watu wengi huamini kwamba vinaikinga meza na joto, na hapo ndipo wanapokosea. Kitambaa chenye matundu hupitisha joto lote, na utando ukilainika uzi hujichapa ndani yake, hata asubuhi meza ikawa na picha kamili ya ua lililofumwa. Kitambaa cha plastiki ni kibaya zaidi. Hufungia unyevu chini yake, na kikikaa miezi mingi juu ya laka, dawa zilizomo hutoka na kuunata utando, na siku ya kukiinua hubandua na polishi. Mkeka mdogo wa ukili au wa katani, mnene kama kidole, hushinda vyote. Au kibao, ambacho mtoto yeyote ajuaye kutumia msumeno aweza kukikata kwa nusu saa.

Yule karani aliyechuna meza yake alilipa, akanyamaza. Mwaka haujaisha, naye akiwa kazini, sufuria ya wali ikawekwa juu ya gazeti, na gazeti juu ya meza ile ile. Safari hii mkewe hakumwambia mtu. Alifungua dirisha, akaondoa kitambaa, akawaambia watoto wale jikoni. Siku mbili alingoja, na duara likawa limefifia kama pumzi juu ya kioo. Jioni ya tatu akapaka mafuta ya mgando, na ya nne vile vile. Kikabaki kipande chembamba upande mmoja, mfano wa mwezi mwandamo, nacho akakisugua kwa majivu ya mkaa wa mgunga na mafuta ya nazi, kidogo kidogo, akifuata mishipa ya mti, mpaka hakikuonekana ila mtu ainame na kutazama kwa upande wakati jua linapoingia mlangoni.

Bwana wake aliporudi mwisho wa juma aliiona meza ikiwa wazi, akauliza kitambaa kiko wapi.

“Kinafuliwa, baba Wambui,” akajibu.

Wazee waliporudi kumaliza habari ya mahari, binti alitangulia na mkeka wa katani, akauweka katikati ya meza, kisha akarudi jikoni kulichukua birika.